SHERIA YA WANYAMA WA PORI NA AMANI YA KIJIJI
Somo kwa familia zilizohama na viongozi wa bonde la Ruzizi na pwani ya Uvira



Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi hudhani ni la wazungu, watalii na walinzi wa mbuga: sheria inayolinda wanyama wa pori. Tumeliandika tukifikiria hasa watu wa Nyakabere na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, pamoja na mitaa ya Uvira iliyo kando ya Ziwa Tanganyika. Lakini linawafaa pia ndugu zetu walioko ng'ambo, Burundi na katika kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania.

Pengine utauliza: "Sisi tumekimbia vita, watoto wana njaa, na ninyi mnatuletea habari za viboko?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: kiboko mmoja akiuawa, au shamba moja la mahindi likiliwa, panaweza kutokea ugomvi kati ya wenyeji na wageni, kati ya raia na askari, hata kati ya kijiji na kijiji. Mara nyingi anayelipa si yule aliyepiga risasi, bali yule aliyekutwa na kipande cha nyama ndani ya sufuria. Asiyejua sheria hukamatwa bila kujua kosa lake, na hutozwa pesa bila kujua kama zinadaiwa kweli. Kwa hiyo kujifunza sheria hii ni kumlinda mnyama, na pia ni kujilinda mwenyewe na kulinda amani ya mahali unapoishi.

Mwisho wa somo kuna maswali. Tunawaomba viongozi wayasome pamoja na watu wao kwenye baraza, kanisani, msikitini au chini ya mti.

1. KWA NINI SHERIA HII INAWAGUSA WALIOHAMA KULIKO WENGINE

Tangu vita vilipoanza Uvira mwezi wa Oktoba 1996, watu wa eneo hili wamehama mara nyingi. Wengine walivuka ziwa hadi Kigoma. Wengine walishuka kutoka milima ya juu wakaja bondeni. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua watu na kuacha maelfu bila nyumba. Miaka ya 2021 na 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika makazi ya pwani. Mwezi wa Desemba 2025 vita vilifika tena Uvira, na maelfu ya familia zilikimbilia Burundi.

Familia inapofika mahali pageni, haikuti ardhi nzuri ikiwa wazi. Inapewa au inakodi ile iliyobaki: ukingo wa mto, kando ya matete, karibu na kinamasi au pembeni ya msitu. Hapo ndipo njia za wanyama zilipo. Kiboko hukaa majini mchana. Jua likizama hutoka kutafuta majani, naye hutembea kilomita kadhaa. Kwa usiku mmoja anaweza kula karibu kilo 40. Akikuta majani ya pori atakula hayo, na akikuta mahindi yako atakula mahindi. Yeye hajui mpaka wa shamba, wala hajui mpaka wa nchi. Anaweza kulala upande wa Burundi na kula upande wa Kongo.

Sababu ya pili ni chakula. Mtu aliyehama hana mbuzi wala kuku, na mgao wa msaada, kama upo, kwa kawaida hauna nyama. Akiona nyama ya pori inauzwa kwa bei ndogo, atainunua bila kuuliza imetoka wapi.

Sababu ya tatu ni ugeni. Mgeni hana ndugu katika ofisi. Mtego wa waya ukikutwa porini, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa, hata kama mtego huo ulitegwa na mwenyeji.

2. SHERIA INASEMA NINI

Hatuwezi kueleza sheria yote hapa. Tutataja mambo ambayo kila familia inapaswa kuyafahamu.

Kwanza, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuna sheria mbili kubwa. Moja ni Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inayohusu uwindaji. Nyingine ni Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, inayohusu ulinzi wa viumbe vya asili. Hiyo ya pili ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya mwaka 1969.

Pili, hakuna anayeruhusiwa kuwinda bila kibali. Si kweli kwamba sheria inawasahau watu wa kijijini. Sheria ya 1982 inataja kibali cha uwindaji cha kijijini, na pia kibali cha pamoja ambacho hupewa mkuu wa kijiji kwa niaba ya watu wake, ili wawinde wanyama wadogo kwa desturi yao. Vibali hivyo havimruhusu mtu kuua wanyama waliolindwa kabisa, wala kuwinda ndani ya hifadhi.

Tatu, kuna wanyama waliolindwa kabisa. Gorila na sokwe ni miongoni mwao. Huruhusiwi kuwaua, kuwakamata, kuwafuga wala kuwauza, hata mtoto wa sokwe ambaye mama yake amekwisha kufa. Anayemnunua mtoto wa sokwe "kwa huruma" anampa mwindaji sababu ya kurudi msituni kuua mama mwingine.

Nne, kosa halimhusu mwuaji peke yake. Kubeba nyama hiyo, kuiuza, au kuweka ngozi, meno na pembe nyumbani kunaweza kukuletea kesi. Kongo iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa jina la CITES. Kiboko yumo katika orodha ya mkataba huo tangu mwaka 1995, kwa hiyo meno yake hayavushwi mpaka bila karatasi za Serikali.

Tano, sheria inatambua hatari ya kweli. Mnyama akimshambulia mtu na hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai, anayejitetea hahesabiwi kama jangili. Lakini ni lazima atoe habari mara moja kwa wakuu, na asichukue nyama wala meno kama mali yake. Kumfuata mnyama kesho yake hadi mtoni na kumwua kwa hasira si kujitetea tena.

Sita, na hili ni la muhimu sana: anayekamatwa ana haki. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 18, inasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Asiwekwe mahabusu zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mkuu wa sheria anayehusika. Ibara ya 53 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na pia inampa wajibu wa kuyalinda. Haki na wajibu vinakwenda pamoja.

Kwa walio ng'ambo: nchini Tanzania inayotumika ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009. Huko nyama, ngozi na meno ya wanyamapori huitwa nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa zito. Kuanzia mwaka 2020 Serikali ya Tanzania iliruhusu mabucha maalumu yenye leseni kuuza nyama ya pori, lakini nyama inayopitishwa kambini usiku haitoki katika mabucha hayo. Nchini Burundi, Hifadhi ya Taifa ya Rusizi iko jirani kabisa na Gatumba, pale ambapo wengi wenu hupita mkivuka. Kukata matete, kuvua au kutega ndani ya hifadhi hiyo bila ruhusa kunaweza kumfikisha mkimbizi mbele ya mkuu wa sheria.

3. NANI ANASIMAMIA SHERIA

Ndani ya mbuga na hifadhi za Kongo anayehusika ni taasisi ya Serikali iitwayo ICCN pamoja na walinzi wake. Nje ya hifadhi, kuna ofisi ya mazingira katika kila teritware. Kesi yenyewe hupelekwa parke na baadaye tribinali. Polisi husaidia. Mwami, shefu wa grupma na shefu wa kijiji hawahukumu kesi za jinai, lakini wao ndio wanaojua watu na mashamba. Bila wao habari za ukweli hazifiki.

Askari asiye na kazi hiyo hana ruhusa ya kutoza faini ya nyama ya pori barabarani. Faini ya kweli huenda katika hazina ya Serikali na hutolewa risiti. Pesa isiyo na karatasi si faini. Tunasema hivyo si kwa kuwachochea watu wabishane na mwenye bunduki kwenye kizuizi. Uhai ni bora kuliko pesa. Tunasema ili mtu akumbuke mahali, siku na saa, kisha ampe habari kiongozi wake, na kiongozi aipeleke kwa wakuu kwa utulivu.

4. MAMBO MATATU YALIYOTOKEA KWA JIRANI ZETU

a) Viboko wa Virunga

Katika Kivu ya Kaskazini, kwenye Ziwa Edward na mito yake, miaka ya 1970 kulikuwa na viboko karibu 29,000. Hapakuwa na mahali pengine duniani penye viboko wengi hivyo. Ilipofika mwaka 2005 na 2006 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Nani aliwamaliza? Mitego ya wanavijiji isingeweza kuua maelfu ya wanyama wenye uzito wa tani moja na nusu. Waliuawa hasa kwa bunduki za vita, na askari pamoja na vikundi vyenye silaha, kwa ajili ya nyama na meno.

Nani aliumia? Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, na viumbe vidogo vinavyokua humo ni chakula cha samaki. Viboko walipokwisha, ziwa lilipoteza sehemu ya mbolea yake, huku wavuvi nao wakizidi. Watu wa vijiji vya uvuvi kama Vitshumbi waliona samaki wakipungua. Nyama ililiwa siku chache, lakini hasara ilibaki miaka mingi.

Kuna jambo jingine la Virunga ambalo kila mama anapaswa kulisikia. Mwezi wa Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa katika mto Ishasha na Ziwa Edward. Kilichowaua ni ugonjwa wa kimeta. Ugonjwa huo humwambukiza mtu anayechuna au kula nyama ya mnyama aliyekufa nao. Kwa hiyo mzoga unaoelea majini si zawadi. Usiuguse. Toa habari.

b) "Mchicha wa usiku" katika kambi za Tanzania

Mwaka 1994 na baada yake, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi na Kongo waliingia mikoa ya Kagera na Kigoma. Kambi nyingi zilikuwa jirani na mapori ya akiba. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama wa pori, lilitoa taarifa kuhusu kambi hizo. Lilieleza kwamba nyama ya pori iliuzwa na kupikwa kambini baada ya giza kuingia, na watu waliipa jina la "mchicha wa usiku" ili isitajwe wazi. Wanyama walipungua, na wenyeji waliwanung'unikia wakimbizi.

Lakini taarifa hiyo haikuwalaumu wakimbizi peke yao. Ilionyesha kwamba mgao wa chakula ulikuwa wa mahindi, maharagwe na mafuta, bila nyama, na kwamba hiyo ni sababu kubwa iliyowasukuma watu. Hapa kuna fundisho kwa viongozi na kwa mashirika: kuongeza walinzi huku watoto wakikosa kitoweo ni kutibu nusu ya ugonjwa. Kuku, sungura, samaki waliokaushwa na maharagwe ya kutosha ni sehemu ya ulinzi wa wanyama.

c) Itombwe na Kahuzi-Biega

Milima tunayoiona upande wa magharibi inaendelea hadi msitu wa Itombwe, wenye gorila na sokwe. Mwezi wa Oktoba 2006 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Asili ya Itombwe kwa amri ya waziri. Watu wengi wa huko walisikia habari hiyo baadaye. Waliuliza: mashamba yetu, makaburi yetu na vijiji vyetu vitakwenda wapi? Palikuwa na hasira. Lakini badala ya kupigana, jamii, mashirika na ICCN walikaa wakajadiliana kwa miaka mingi. Wanavijiji wenyewe walichora ramani za mahali wanapolima, wanapowinda na wanapoheshimu kama patakatifu. Mwaka 2016 mipaka mipya ilikubaliwa.

Linganisha na Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Ugomvi huo umeendelea zaidi ya miaka 50, na watu wamekufa, Batwa na walinzi pia. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao.

Misitu hii miwili iko katika nchi moja na ina wanyama wa aina moja. Pale ambapo watu waliulizwa, hata kama ni kwa kuchelewa, njia ya mapatano ilipatikana. Pale ambapo walifukuzwa, sheria ya wanyama iligeuka kuwa mbegu ya vita. Ndiyo sababu sheria ya 2014 inataka watu waulizwe kabla hifadhi mpya haijaanzishwa. Mkiitwa katika mkutano wa namna hiyo, nendeni. Na waliohama waitwe pia, kwa maana wao nao wanalima na kuchota maji hapo.

5. ZOEZI: KIBOKO SHAMBANI

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja aliyehama amekodi shamba karibu na mto Ruzizi. Amemwahidi mwenye shamba sehemu ya mavuno. Usiku mmoja viboko wawili wanakula nusu ya mahindi. Asubuhi mwenye shamba anakuja na kusema, "Mimi nataka sehemu yangu kama tulivyopatana." Vijana wanasema, "Tunamjua mtu mwenye bunduki. Amwue mmoja, tugawane nyama, deni liishe."

Njia ya kwanza. Wanamwita mwenye bunduki. Kiboko mmoja anauawa, mwingine anajeruhiwa na kukimbilia majini. Mwenye bunduki anachukua meno na sehemu kubwa ya nyama. Kilichobaki kinagawanywa, na wanaokosa wananung'unika. Siku ya pili wakuu wanasikia. Mwenye bunduki hayupo. Polisi wanaingia nyumba kwa nyumba na wanakuta nyama kwa yule mama. Anawekwa kasho. Watu wake wanasema ameonewa kwa sababu ni mgeni. Wenyeji wanasema wageni wamewaletea aibu. Siku ya tatu, yule kiboko aliyejeruhiwa anamvamia mvuvi asiye na kosa lolote.

Njia ya pili. Mama anakwenda kwa shefu wa kijiji asubuhi hiyo hiyo, pamoja na mjumbe wa waliohama. Wanakwenda shambani wote watatu, pamoja na mwenye shamba. Wanahesabu mistari iliyoliwa, wanaandika tarehe, wanapima nyayo, na kila mmoja anatia sahihi au kidole. Nakala moja inapelekwa ofisi ya mazingira. Kisha baraza linakaa kuhusu deni. Mwenye shamba ameona kwa macho yake, kwa hiyo anakubali kupunguza sehemu yake, au kungoja msimu ujao. Vijana wanapewa kazi ya kulinda kwa zamu usiku, kwa moto na kelele, wakiwa mbali na njia ya mnyama.

Hatusemi kwamba njia ya pili inarudisha mahindi. Hairudishi. Fidia ya Serikali ni ngumu kuipata, na hatutaki kuwadanganya. Lakini katika njia ya pili mama yuko nyumbani na watoto wake, hakuna aliyejeruhiwa, na mwenye shamba bado ni jirani. Tena ile karatasi ina nguvu. Malalamiko ya mtu mmoja husahauliwa. Karatasi 30 za msimu mmoja, zenye tarehe na sahihi, zikipelekwa na mwami pamoja na mashirika ya raia, ni vigumu kuzikataa.

6. MAMBO YA KUFANYA

Kwa familia:

- Usinunue nyama ya pori usiyojua imetoka wapi. Mwulize mwuzaji kibali. Asipokuwa nacho, mpite.
- Usiguse mzoga wa mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana.
- Usichote maji wala kufua mtoni alfajiri na jioni peke yako. Usisimame kati ya kiboko na maji, kwa sababu akiogopa hukimbilia majini na kumkanyaga aliye njiani.
- Kabla ya kulima, waulize wavuvi wa hapo njia za viboko ziko wapi. Acha sehemu ya majani kati ya shamba na mto. Mkiweza, lima shamba kwa shamba kwa kufuatana ili kulinda kwa pamoja.
- Mkikodi shamba, patana tangu mwanzo: wanyama wakila mazao, hasara itagawanywaje?
- Ndugu yako akikamatwa, uliza mambo matatu: amekamatwa na nani, kwa kosa gani, na saa ngapi. Andika. Mpelekee kiongozi wako habari kabla ya saa 48 kwisha.

Kwa viongozi wa wenyeji na wa waliohama:

- Itisheni mkutano wa pamoja angalau mwanzoni mwa kila msimu wa kulima. Mwalikeni mtu wa ofisi ya mazingira aeleze sheria kwa Kiswahili, Kifuliiru au Kirundi, si kwa Kifaransa tu. Wanawake wawepo, kwa maana wao ndio wanaolima na kuchota maji.
- Wekeni daftari moja la kijiji la kuandika mazao yaliyoliwa, watu waliojeruhiwa na wanyama waliouawa. Daftari lisomwe mbele ya watu wote.
- Chagueni kamati ndogo yenye wenyeji na waliohama kwa hesabu sawa. Kazi yake ni kutoa habari na kupatanisha. Haipigi watu, haitozi faini, haishiki silaha.
- Msimfiche mwenye bunduki na kumtoa mwenye mtego. Sheria ikimshika mnyonge tu, watu wataidharau, na watakuwa na haki ya kunung'unika. Kama mnaogopa kumtaja mwenye silaha hadharani, tumieni njia ya siri: mwami, viongozi wa dini, au shirika la haki za binadamu.
- Tafuteni kazi mbadala kwa vijana wanaoishi kwa mitego. Kumwambia kijana "acha" bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwambia aende kutega usiku.
- Jifunzeni kuhusu msitu wa jamii. Tangu mwezi wa Agosti 2014 amri ya Serikali namba 14/018 inaruhusu jamii kupewa msitu wake kisheria, hadi hektari 50,000, na kuutunza kwa kanuni zake. Watu hulinda kwa moyo kile walicho na karatasi yake.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, mnyama akila mazao, mtu wa kwanza kuambiwa ni nani? Je, mgeni anaweza kumfikia?
2. Je, tunajua mtu aliyewahi kulipa "faini" bila risiti? Angeweza kufanya nini?
3. Kati ya wenyeji na waliohama, nani hulaumiwa zaidi mnyama akiuawa? Lawama hizo ni za kweli?
4. Soma tena zoezi la kiboko. Katika njia ya pili, ni sehemu gani ingekuwa ngumu kwetu? Kwa nini?
5. Je, watoto wetu wanapata kitoweo gani badala ya nyama ya pori? Kijiji kinaweza kuongeza nini mwaka huu?
6. Viongozi: daftari la kijiji lipo? Kama halipo, nani ataliandika, na litaanza siku gani?

Wapendwa, wahenga walisema kwamba tembo wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Waliohama wamekuwa nyasi kwa muda mrefu. Kujua sheria, kuandika yanayotokea na kukaa baraza moja na jirani hakutaondoa taabu zote. Lakini kunaweza kumzuia mama mmoja asilale kasho kwa ajili ya kipande cha nyama, na kuzuia ugomvi wa shamba usigeuke kuwa vita vya kabila. Anzeni na swali la sita.